Dorsey wa Injili na Dorsey wa Tromboni

Simulizi iliyosambaa kwa miaka mingi hudai kwamba wimbo wa injili "Precious Lord, Take My Hand" ulitungwa na Tommy Dorsey, kiongozi wa bendi ya dansi aliyesifika kwa kupiga tromboni. Sivyo, wawili hao walifanana majina tu. Mtunzi ni Thomas A. Dorsey, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Georgia mwaka 1899, ambaye kabla ya kujitoa kwa muziki wa injili alipiga piano ya bluzi na kumsindikiza mwimbaji wa bluzi Ma Rainey. Mwaka 1932, akiwa St. Louis, alipata habari kwamba mkewe Nettie amefariki akijifungua huko Chicago, na mtoto naye hakuishi. Maneno ya wimbo yalitoka katika msiba huo, ingawa tuni yake ilijengwa juu ya ile ya tenzi ya karne ya 19. Kinachosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni kazi yake ya uongozi: akishirikiana na mwimbaji wa injili Sallie Martin na wengine, alianzisha umoja wa kitaifa wa kwaya za injili, akauongoza kwa miongo kadhaa, na mikutano yake ya kila mwaka ikawa mahali ambapo wanakwaya hufundishwa mtindo wa asili wa injili. Tommy, mzaliwa wa Pennsylvania, alifariki mwaka 1956. Thomas aliishi hadi 1993.