Elimu kwa umma: Kabla ya kulalamika kwamba jukwaa ni tupu, fungueni daftari la wanachama

Tangu msimu uanze, barua zinazoletwa katika ofisi yetu ya michezo na viongozi wa klabu za mpira zinasema jambo moja: watu wa hapa hawaipendi timu yao. Wako Simba, wako Yanga, timu ya nyumbani wanaikumbuka ikishashuka daraja. Mwisho wa barua kuna ombi, mara nyingi la gari la matangazo, au la kumtaka Mkurugenzi wa Halmashauri awahimize watumishi waende uwanjani.

Zipo barua nyingine, chache zaidi, zinazotoka kwa wananchi. Mama anaeleza kwa nini hatamrudisha binti yake uwanjani. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu ameishia getini na tiketi yake mkononi. Mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Kigoma amejaza fomu ya uanachama mara mbili na hajajibiwa. Ukiziweka barua za makundi haya mawili juu ya meza moja, zinajibizana. Tumeona tutoe elimu hii kwa wote kwa pamoja badala ya kumjibu kila mmoja peke yake.

Tuanze na Simba na Yanga, maana hoja hiyo imekuwa kichaka cha kujifichia. Klabu hizo zina mizizi ya tangu miaka ya 1930, na hakuna halmashauri itakayozing'oa mioyoni mwa watu. Wala haina haja. Mbeya City ilianzishwa mwaka 2011 ikimilikiwa na Halmashauri ya Jiji la Mbeya, katika mji uliojaa Simba na Yanga kama mji mwingine wowote. Ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14, Uwanja wa Sokoine uligeuka zambarau, rangi ya timu, na timu ikamaliza nafasi ya tatu. Watu wale hawakuchoma kadi zao za zamani. Ushindi ulisaidia, sikatai, lakini wenye mji waliiona timu kuwa ni mali yao. Kiongozi anayeniambia kwamba haiwezekani mtu kupenda timu mbili namwomba aende kwenye kijiwe chochote cha bodaboda akaulize.

Kosa la pili ni kudhani kwamba klabu iliyozaliwa na kundi moja lazima ibaki ya kundi hilo. Stand United ya Shinyanga ilizaliwa na watu wa stendi ya mabasi, na jina lake linasema hivyo hadi leo. Ilifika Ligi Kuu mwaka 2014 ikiitwa Chama la Wana, na kwa watu wa stendi hiyo ni heshima kubwa. Miaka miwili baadaye iliingia katika mgogoro mzito kati ya upande wa wanachama na upande wa kampuni, kila mmoja akidai ndiye mwenye timu. Waanzilishi ni hazina ya klabu. Lakini nani ni mwanachama, kwa ada gani na kwa haki zipi, hilo huandikwa mapema, kabla fedha hazijaja.

Coastal Union ya Tanga, iliyoanza mwaka 1948, mashabiki huiita Wagosi wa Kaya, na kwa Kisambaa mgosi ni mwanamume. Sijawahi kusikia mtu mwenye akili timamu akitaka jina hilo lifutwe, na mimi sitaki. Mama wa Tanga akisema "sisi Wagosi" anasema kwa fahari. Kuongeza watu wa aina mbalimbali jukwaani hakudai klabu ifute historia yake wala rangi zake. Nalisema hili kwa sababu kuna wazee wamefika ofisini kwangu wakiamini kwamba tunataka kuwabadilishia jina la timu. Hatutaki.

Sasa daftari. Mwaka jana nilikwenda kukagua klabu moja iliyolalamika kukosa mashabiki. Katibu aliniletea daftari la wanachama, lile kubwa lenye jalada gumu na utepe mwekundu mgongoni. Nilisoma ukurasa baada ya ukurasa. Majina yote yalikuwa ya wanaume, na karibu wote waliandika mtaa mmoja. Nikamuuliza kuhusu yule mama wa karanga anayesimama karibu na kibendera cha kona kila mechi, anayejua kikosi chote kwa majina na kumzomea beki wa kulia anapopoteza mpira, jina lake liko wapi. Katibu akasema, "Yule si mwanachama, yule ni muuzaji." Nikamuuliza pia kuhusu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mtanzania mwenye asili ya India, ambaye hununua jezi za timu kila msimu. Jibu likawa kwamba yule ni mfadhili. Miaka yote hiyo anaombwa mchango, na hakuna hata siku moja aliyopelekewa fomu.

Kwa kweli iliniuma. Watu hao wawili wanaitwa wageni katika klabu wanayoilisha.

Mlango hufungwa wapi? Mara nyingi hufungwa na katiba ya klabu yenyewe. Tumekuta vifungu vinavyomtaka mwombaji awe mkazi wa mtaa fulani, au adhaminiwe na wanachama wawili wa zamani. Mwalimu wa Kigoma atadhaminiwa na nani? Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza ubaguzi na kueleza kwamba ni pamoja na kuwatofautisha watu kwa utaifa wao, kabila, pahali walipotokea, maoni yao ya kisiasa, rangi, dini, jinsia au hali yao ya maisha. Kifungu cha klabu kinachogongana na hayo hakina pa kusimama.

Kurekebisha kifungu kuna utaratibu wake, na hapa naomba nisomwe kwa makini kwa sababu ndipo klabu nyingi zinapokwama. Kamati ya utendaji huandaa rasimu ya marekebisho ikionyesha maneno ya zamani na maneno mapya. Rasimu husambazwa kwa wanachama ndani ya muda uliotajwa na katiba yenu, si siku ya mkutano. Mkutano mkuu unaitishwa, akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa kuwepo, inahakikiwa kabla ya kupiga kura, na kura zinahesabiwa kwa kiwango kilichowekwa na katiba, si kwa kupiga makofi. Muhtasari unasainiwa na mwenyekiti na katibu, na unaambatanishwa na orodha ya mahudhurio yenye saini halisi za waliohudhuria. Picha ya mahudhurio iliyotumwa kwa simu si orodha ya mahudhurio. Nyaraka hizo hupitia kwa afisa michezo wa wilaya, kisha wa mkoa, ndipo zifike kwa Msajili wa vyama na vilabu aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, chombo kilichoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967. Mpaka Msajili atakapoidhinisha, katiba ya zamani ndiyo inayotawala. Klabu iliyowapa watu kadi kwa kifungu ambacho hakijaidhinishwa inatengeneza wanachama ambao siku ya uchaguzi watapingwa mlangoni, na kesi hizo zikianza huwa hazina mwisho mzuri.

Kuna klabu zilizochangamka zikatengeneza fomu mpya zenye nafasi ya kuandika kabila na dini, eti zijue zina watu wa aina gani. Nia ni njema, lakini acheni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za kabila, imani ya dini, afya na za watoto katika kundi la taarifa nyeti, ambazo hazikusanywi wala kuchakatwa kiholela bila ridhaa. Anayekusanya taarifa za watu anapaswa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mtu anayezitoa taarifa hizo kinyume cha sheria anakabiliwa na faini kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Ikiwa ni kampuni au shirika, faini ni kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Kwa hiyo orodha ya wanachama yenye namba za simu haibandikwi ukutani wala kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la tawi. Picha za watoto wa timu ya vijana hazitumiki kwenye matangazo bila ridhaa ya wazazi au walezi. Mkitaka kujua nani anakuja, hesabuni mtaa anaotoka mtu na njia aliyosikia habari za mechi. Inatosha kabisa.

Jambo jingine ni matawi. Tawi linalokutana baa kila Alhamisi usiku limeshachagua wanachama wake. Halijaandika popote kwamba Mwislamu, Mlokole au mama mwenye mtoto mgongoni asije, lakini hawaji. Ofisi ya kata ipo, shule ya msingi ipo, uwanja wenyewe upo. Hamisheni kikao. Vivyo hivyo na ratiba ya mechi za kirafiki na matamasha ya klabu, ambayo ninyi wenyewe mnaipanga: Wasabato hawatakuja Jumamosi mchana, na mwezi wa Ramadhani mtu anahitaji kufika nyumbani kabla ya kufuturu. Ratiba ya ligi haiko mikononi mwenu, hilo tunalielewa.

Kuhusu wanawake, dhana kwamba ukiwaingiza bure umemaliza kazi imetuchosha. Tulimuuliza mmoja wa waliotuandikia ni kitu gani kilimrudisha nyuma. Hakutaja bei. Alitaja choo kimoja kisicho na komeo, matusi ya nguoni yanayoimbwa na kundi zima huku mgambo akicheka, na giza kati ya geti la nyuma na kituo cha bajaji. Taa moja, komeo moja, na mgambo anayejua kazi yake. Kwa faida ya wanaodhani matusi ni sehemu ya mpira: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaitambua lugha ya matusi inayoweza kusababisha uvunjifu wa amani kuwa kosa la jinai, na adhabu yake ni kifungo kinachoweza kufika miezi sita.

Ubaguzi una mzigo wake zaidi. Chini ya Kanuni za Nidhamu za FIFA, klabu huwajibika kwa matendo ya mashabiki wake hata kama hakuna kiongozi aliyewatuma, na mchezaji au kiongozi anayembagua mtu kwa rangi, asili, jinsia, ulemavu au dini hufungiwa mechi zisizopungua 10. Mwamuzi anayo hatua tatu: kusimamisha mchezo, kuwaondoa wachezaji uwanjani kwa muda, na hatimaye kuuvunja. Mwaka 2024 FIFA ilipitisha ishara ya kupishanisha mikono kwenye vifundo vya mikono, ambayo mchezaji anaitumia kumjulisha mwamuzi kwamba anabaguliwa. Msemaji wa klabu awafundishe mashabiki ishara hiyo kabla haijatumika dhidi yao.

Na geti. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka maeneo yanayotoa huduma kwa umma yafikike. Nilikwenda mwenyewe kwenye uwanja uliolalamikiwa. Geti la mashabiki ni bomba mbili zilizosimikwa kwenye zege ili watu wapite mmoja mmoja, na nafasi kati yake haikitoshi kiti cha magurudumu. Geti kubwa la gari la wagonjwa lilikuwa hatua chache pembeni, limefungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa jukwaani akiangalia mpira. Hakukuwa na haja ya mradi wala mfadhili. Ufunguo sasa unakaa kwa msimamizi wa geti, na mlalamikaji ameshaingia mechi mbili. Amekuja na kaka yake na watoto wa kaka yake, watu watano ambao klabu ilikuwa inawakosa kwa sababu ya kufuli.

Nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, itaandaa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, mwaka 2027. Agosti 2025, wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, sote tuliwaona akina mama, wazee na familia nzima wakiwa Uwanja wa Benjamin Mkapa mpaka Taifa Stars ilipotolewa na Morocco katika robo fainali. Watu hao wapo, na mpira wanaupenda. Wengine wanakaa nyumba ya tatu kutoka uwanja wenu.

Klabu zinazotarajia mikutano mikuu zilete rasimu ofisini angalau wiki mbili kabla ya tarehe ya mkutano, tuzipitie pamoja. Huduma hiyo haina malipo. Mfano wa fomu ya uanachama ya ukurasa mmoja, isiyouliza kabila wala dini, unapatikana hapa siku zote za kazi. Klabu ambazo hazina hata nakala moja ya katiba yao, nazo zipo, zisione aibu kufika: nakala iliyosajiliwa iko kwa Msajili, nasi tutawaandikia barua ya kuiomba.