Obadia hakuwa anaongelea lile jengo la Petra

Jamani, ile picha ya Petra, mji wa kale uliochongwa miambani huko Yordani, yenye Obadia 1:4 juu yake (hata ukipanda juu kama tai, Mungu atakushusha) nimetumiwa tena, safari hii na mchungaji kabisa, chini kaandika "matajiri wajifunze". Nafundisha Agano la Kale na leo uvumilivu umeisha.

Kwanza picha. Lile jengo la nguzo, Al-Khazneh, ni la Wanabatea, watu waliokuja kukaa hapo baadaye, lilichongwa mamia ya miaka baada ya kuanguka Edomu, taifa la uzao wa Esau ambalo Obadia analisema. Waedomu walikaa juu, kwenye mlima Umm el-Biyara unaotazama Petra, na zilizochimbuliwa huko ni nyumba za mawe ya kawaida, mitungi, vizito vya kufumia nguo, na alama ya muhuri wa mfalme wao Qos-Gabr. Hakuna nguzo. Haya, tuendelee.

Kinachonikera hasa ni hilo neno matajiri. Kitabu kina mistari 21 tu, chai haipoi umemaliza, lakini watu wanasoma wa 3 na wa 4 wanafunga. Hazina za Esau zinatajwa ndio, mstari wa 6, ila kwamba zitapekuliwa, sio kwamba kuwa nazo ndo kosa. Kiburi chake ni kule kukaa majabalini, akaangalia chini akasema nani atanishusha, halafu nenda mstari wa 10 mpaka 14 uone hicho kiburi kilifanya nini: siku Yerusalemu inaporwa na wageni wanaipigia kura kugawana nyara, Edomu kasimama pembeni anatazama, kisha anachekelea, kisha anaingia langoni na yeye kubeba vitu, mwisho anasimama njia panda anakamata waliokimbia na kuwakabidhi kwa adui. Na huyo ni ndugu, Esau na Yakobo, tumbo moja! Hapo gari la jirani yako limeingiaje?

Sasa kinachonisumbua mimi. Wengi tunaiweka siku hiyo kwenye anguko la Yerusalemu mikononi mwa Babeli, 586 KK. Zaburi 137 inawalaumu Waedomu, Ezekieli 35 pia, ila 2 Wafalme 25 inasimulia mji unavyoanguka na Edomu haimo kabisa. Halafu Yeremia 40:11-12 inasema kuna Wayahudi walikuwa Edomu, wakasikia Gedalia kawekwa na mfalme wa Babeli kusimamia nchi, wakarudi. Sasa hao walipitaje ile njia panda bila kukamatwa? Nimesoma majibu mengi hakuna linaloniridhisha, kwahiyo wanafunzi wakiuliza nawaachia waligombanie wenyewe mpaka kipindi kiishe.