Mtoto Aachwe Aulize: "Nani Kasema?"

Kila likizo ikianza, simu za wazazi huhamia kwa watoto, na malalamiko yanaongezeka mezani kwetu hapa Kigoma. Juzi alifika mama mmoja, muuza dagaa wa mwalo wa Kibirizi. Binti yake wa darasa la sita, ambaye ndiye humfanyia miamala, alikuta ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Akadhani ni baba yuko ziwani. Akatuma. Mama alirudia neno moja tu: "Lakini huyu simu anaijua kunishinda mimi!"

Jamani, hili tumelisema mno. Wepesi wa vidole si kuijua simu. Mtoto anahitaji kuzoea kuuliza, na mazoezi yanaanzia nyumbani. Muulize leo jioni: Ziwa Tanganyika ni la ngapi duniani kwa kina? Wengi watajibu la kwanza, na mtandaoni wapo wanaoandika hivyo. Usimkatize. Mwambie atafute nani kaandika, kajuaje, na wengine wanasemaje. Atakuta Baikal la Urusi, mita 1,642, na letu mita 1,470 hivi, la pili. Akishaikamata simu kwa kosa mara moja, hata video ya kiongozi "anayegawa mikopo", iliyotengenezwa kwa akili mnemba, ataitazama kwa jicho jingine. Ila mtoto anayeambiwa "nyamaza, wakubwa wanaongea" kila akiuliza, ujasiri wa kuihoji simu ataupata wapi?

Kuhusu kusambaza uongo, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni za uongo, kwa nia ya kupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Laini imesajiliwa kwa alama zako za vidole, mzazi, hivyo wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Ujumbe wa kitapeli ukiingia, andika neno UTAPELI, tuma kwenda 15040. Utajibiwa uweke namba ya tapeli. Kama fedha zimeshatoka, piga kwanza huduma kwa wateja ya mtandao wako, uwe na kumbukumbu namba ya muamala, kisha polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoiripoti. Ujumbe usifutwe. Yule mama aliufuta kwa hasira kabla hajafika, tukabaki na namba iliyopokea fedha. Ya aliyeuandika ujumbe hatukuwa nayo.