Kipimo cha hatua tatu: namna ya kujua mpaka wa uhuru wa habari ulipo

"Uhuru una mipaka." Kauli hiyo utaisikia kwa mgeni rasmi anayefungua semina ya waandishi, na utaisikia tena kwa mzee anayekunywa kahawa kijiweni Kaloleni. Ni kauli ya kweli, na sijakutana na mwandishi makini anayeikataa. Shida ni kwamba mazungumzo huishia hapo, kana kwamba ukishasema mpaka upo umeshaonyesha ulipo. Mkubwa aliyekerwa na habari atasema umevukwa, na mhariri atasema haujafikiwa hata kidogo. Katiba ya Tanzania yenyewe inaacha nafasi ya mabishano hayo: Ibara ya 18 inatoa haki ya kutoa maoni na kupata habari, kisha Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuiwekea haki hiyo mipaka kwa sababu kama usalama wa umma na kulinda sifa za watu wengine.

Chombo cha kuamulia mabishano hayo kinaitwa kipimo cha hatua tatu. Anayetaka kuzuia habari au kumwadhibu aliyeitoa anaulizwa maswali matatu, kwa mpangilio. Je, kizuizi kimewekwa na sheria? Je, kina lengo halali? Je, ni cha lazima katika jamii ya kidemokrasia, na uzito wake unalingana na madhara yanayozuiwa? Akikwama kwenye swali lolote, kizuizi kinaanguka. Na wa kujibu ni anayezuia. Mwandishi hatakiwi kuthibitisha kwamba anastahili kuandika. Huo ndio mwanzo wa jambo, haki ipo kwanza, mpaka unaombewa ruhusa. Kipimo hiki kimeandikwa wazi katika Tamko la Kanuni za Uhuru wa Kujieleza na Upatikanaji wa Taarifa la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, toleo la 2019, na majaji wanakitumia wanapoisoma Ibara ya 9 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, inayolinda haki ya kupata habari na kutoa maoni.

Sisi wa Arusha tuna sababu ya pekee ya kukielewa. Mashauri kadhaa makubwa yaliyokipa kipimo hiki nyama katika Afrika yaliamuliwa hapa hapa mjini, na mahakama tatu tofauti, wakati wengi wetu tukipita nje tukiwahi daladala.

Swali la kwanza linaonekana jepesi: sheria ipo au haipo? Lakini "sheria" hapa haina maana ya karatasi yoyote iliyopitishwa na Bunge. Lazima iwe imeandikwa kwa namna ambayo mtu wa kawaida anaweza kujua mapema lipi linaruhusiwa na lipi litamtia matatani. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri uwezo wa kusimamisha gazeti endapo kwa maoni yake ingefaa kwa masilahi ya umma au kwa ajili ya amani na utulivu. Angalia vizuri: kwa maoni yake. Agosti 2016 gazeti la Mseto lilifungiwa miaka mitatu chini ya sheria hiyo. Wahusika walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na tarehe 21 Juni 2018 majaji waliamua kwamba amri ile ilikiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kuwa ilisimama juu ya maoni ya waziri bila sababu za kutosha, wakaagiza gazeti liruhusiwe kuchapishwa. Mhariri anaweza kuitii sheria. Maoni ya mtu mwingine ambayo bado hayajatokea hawezi kuyatii, hata akiwa mtiifu namna gani.

Sheria ya Magazeti ilikuwa tayari imeshapisha Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, nayo ikafikishwa kwenye mahakama ileile na Baraza la Habari Tanzania pamoja na mashirika mawili ya haki za binadamu. Hukumu ilitoka tarehe 28 Machi 2019. Vifungu vingi vilikutwa na kasoro, vikiwemo vya uchochezi, vya kashfa kama kosa la jinai, vya ithibati (kibali cha kufanya kazi) ya waandishi, na vile vilivyompa waziri uwezo wa kuzuia machapisho. Sehemu kubwa ya kasoro ilikuwa ileile: maneno mapana mno. Ukimwambia mwandishi asichapishe habari inayoweza kuathiri kwa kiasi kikubwa uwezo wa Serikali kusimamia uchumi, umemkataza nini hasa? Bei ya sukari? Deni la taifa? Kwa kuwa hajui, ataacha vyote, na hapo sheria imeshafanya kazi yake bila mtu yeyote kushtakiwa. Kwangu mimi hilo ndilo kosa la hatari kuliko yote, kwa sababu habari ambayo haikuandikwa haina shahidi.

Swali la pili halichukui muda. Malengo halali yanajulikana: haki na sifa za wengine, usalama wa taifa, utulivu wa umma, afya ya umma. Kumwondolea kiongozi aibu hakumo. Ni nadra serikali kukwama hapa, kwani kila kizuizi duniani kinaweza kuvalishwa joho la usalama.

Kesi nyingi huamuliwa kwenye swali la tatu, na mfano mzuri zaidi ninaoujua ni wa Issa Lohé Konaté wa Burkina Faso. Konaté alikuwa mhariri wa gazeti la wiki liitwalo L'Ouragan. Agosti 2012 gazeti hilo lilichapisha makala yaliyomhusisha mwendesha mashtaka na mtandao wa noti bandia. Mwendesha mashtaka akalalamika. Konaté akahukumiwa kifungo cha miezi 12 na faini ya faranga milioni 1.5 za CFA, akaamriwa kulipa fidia ya milioni 4.5, na gazeti likasimamishwa miezi 6. Shauri lilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa Arusha, na hukumu ikatolewa tarehe 5 Desemba 2014.

Majaji walipita hatua moja baada ya nyingine. Sheria ilikuwepo na ilieleweka, kwa hiyo Burkina Faso ilivuka hatua ya kwanza. Kulinda heshima ya mtu ni lengo halali, ikavuka ya pili. Ikaanguka kwenye ya tatu. Serikali haikuweza kuonyesha kwa nini jela ilikuwa ya lazima wakati ipo njia ya madai na fidia, wala kwa nini gazeti zima lisimame miezi sita. Mahakama ikaongeza kwamba mtu mwenye dhamana ya umma anatakiwa kuvumilia ukosoaji mwingi kuliko mtu wa kawaida. Kifungo kwa maneno, ikasema, kibaki kwa mazingira mazito na ya kipekee, kama vile kuchochea hadharani chuki, ubaguzi au vurugu.

Zingatia ambacho mahakama haikusema. Haikusema kwamba makala yale yalikuwa ya kweli, wala kwamba mwendesha mashtaka hana pa kulalamikia jina lake. Watu wengi wakisikia "mwandishi ameshinda" hudhani ameruhusiwa kutukana. Kilichokataliwa ni ukubwa wa adhabu. Dereva mmoja wa daladala ya Ngaramtoni akikimbiza gari anapigwa faini yeye. Barabara haifungwi kwa miezi sita. Gazeti likifungiwa, anayepoteza ni pamoja na msomaji ambaye hakuandika chochote, na muuzaji wa meza ya magazeti pale stendi.

Je, ina maana hakuna mwanahabari anayestahili jela? La hasha. Jibu hilo pia lilitolewa Arusha, ndani ya jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, ilipokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Tarehe 3 Desemba 2003 majaji walitoa hukumu katika kile kilichojulikana kama kesi ya vyombo vya habari. Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza walihusishwa na redio RTLM, na Hassan Ngeze alikuwa mhariri wa gazeti la Kangura. Nahimana na Ngeze walipewa kifungo cha maisha, Barayagwiza miaka 35. Redio ile ilikuwa imetangaza majina ya watu na mahali walipo wakati mauaji ya kimbari ya Rwanda yakiendelea. Hapo kipimo hakimwokoi mtu: sheria ipo, lengo ni kuokoa uhai, na adhabu inalingana na maiti.

Hata hivyo, majaji wa rufani mwaka 2007 walirudi kwenye mizani. Walitenganisha maneno ya chuki na uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari, wakakataa kuhesabu matangazo ya RTLM ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, yaani kabla mauaji hayajaanza, kuwa uchochezi wa aina hiyo, na vifungo vikashuka: Nahimana miaka 30, Barayagwiza 32, Ngeze 35. Mtu anaweza kukasirishwa na upunguzaji huo. Mimi nauona kuwa ndio uzito wa kipimo chenyewe, kwamba hata mbele ya msiba mkubwa kiasi kile swali la "neno lipi, lini, lilifanya nini" liliulizwa tena. Ndiyo maana mtu anapoitaja RTLM ili kuhalalisha kuifungia redio iliyosoma malalamiko ya wafanyabiashara, analinganisha vitu visivyo vya nyumba moja.

Tuweke mfano wa kubuni ili tukione kipimo kikifanya kazi mtaani. Redio ya mjini inatangaza kwamba vizimba vipya vya soko la Kilombero vimegawiwa kwa upendeleo, na inamtaja diwani. Diwani anasema ni uongo. Anaweza kudai nini? Haki ya kujibu, yaani apewe nafasi ya kutoa upande wake kwa uzito uleule. Masahihisho na kuombwa radhi, kama habari ina kosa. Anaweza kulalamika Baraza la Habari Tanzania, chombo cha hiari kilichoanzishwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, ambacho kamati yake ya maadili husikiliza pande mbili na kuwapatanisha bila kumpeleka mtu rumande. Anaweza kufungua shauri la madai ya kashfa. Vyote hivyo vinapita hatua ya tatu. Kuifungia redio, au kumlaza mtangazaji mahabusu usiku mmoja "ili aeleze vyanzo vyake", havipiti, kwa sababu njia nyepesi zilikuwepo na hazikujaribiwa.

Na redio nayo ina deni. Kama haikumpigia diwani simu kabla ya kutangaza, haikuona karatasi yoyote ya ugawaji, ikategemea sauti ya WhatsApp isiyo na mwenyewe, basi kipimo kitailinda isifungwe lakini hakitailinda isilipe fidia. Waandishi wenzangu huwa tunaliruka hilo. (Kuna pia njia ya kumnyamazisha mhariri ambayo kipimo hiki hakiikamati vizuri, nayo ni kumnyima matangazo. Hakuna amri wala kesi, ila mshahara wa mwisho wa mwezi haupo.)

Juni 2023 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Huduma za Habari yaliyoiondoa kashfa kwenye makosa ya jinai ndani ya sheria hiyo. Uchochezi ulibaki, kwa adhabu iliyopunguzwa.

Mwananchi anayetaka kukitumia kipimo hiki dhidi ya serikali leo ajue milango imebadilika. Novemba 2019 Tanzania, ambayo ndiyo mwenyeji wa Mahakama ya Afrika, iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Uamuzi huo ulianza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020, na mashauri yaliyokuwa yamekwisha kufunguliwa yakaendelea. Mahakama ya Afrika Mashariki bado inampokea mkazi yeyote wa nchi mwanachama, na haimtaki amalize kwanza mahakama za nyumbani. Lakini Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inampa miezi miwili tu tangu sheria ilipotungwa au kitendo kilipofanyika, au tangu alipokijua. Gazeti likifungiwa leo na wanasheria wakasubiri hadi mwezi wa tatu tangu siku hiyo waone kama waziri atalegeza, mlango huo nao umefungwa.