Tundu la kiini halisukumi mzigo

Nimekutana nao tena kwenye karatasi za mtihani: mshale mnene uliopita katikati ya tundu la utando wa kiini cha seli, na juu yake neno "nishati". Eti eksipotini, yaani protini inayobeba mizigo kutoka kiini, inadaka protini nyingine, GTP (molekuli yenye nishati) inavunjwa, mzigo unasukumwa nje. Kila muhula naukata kwa wino mwekundu, na kila muhula unarudi.

Ndani ya tundu hamna pampu. Eksipotini na mzigo wake hupenya kwa difusheni tu, zikigusa na kuachia mikia laini ya nukleoporini, protini zinazounda tundu lenyewe, iliyojaa amino asidi za fenilalanini na glisini. Huenda mbele, hurudi nyuma, na yote hayo huisha ndani ya milisekunde.

Mwelekeo unatoka kwa Ran, protini ndogo inayoshika GTP. Ndani ya kiini, protini RCC1 iliyojishika kwenye kromatini (DNA na protini zake) huipa Ran GTP. Nje, protini nyingine, RanGAP, huichochea Ran iivunje GTP hiyo. CRM1, mojawapo ya eksipotini, hukamata mzigo barabara ikiwa tu Ran-GTP (Ran iliyoshika GTP) imeungana nayo, kwa hiyo hupakia ndani. Ikishafika kwenye saitoplazimu GTP huvunjwa, watatu hao huachana, na mzigo unakosa wa kuurudisha. Nishati hutumika, naam, lakini safari ikiwa imekwisha.

Mwaka 1999 watafiti Maxence Nachury na Karsten Weis waligeuza mambo: Ran-GTP ikawa nyingi nje kuliko ndani. Mizigo ikaanza kusafiri kinyume, kupitia matundu yale yale! Pampu gani hiyo inayogeuka bila kuguswa? Nawasihi wanafunzi wangu: andikeni kwanza Ran-GTP iko upande gani, kisha ndipo mchore mshale.

Wengine husema RNA zote hutolewa na CRM1. La. tRNA ina eksipotini-t, vitangulizi vya maikroRNA vina eksipotini-5. mRNA nyingi hubebwa na protini NXF1, isiyotegemea Ran kabisa. Upande wa saitoplazimu, kimeng'enya DDX19 hutumia ATP, molekuli nyingine yenye nishati, kuibandua NXF1 kutoka kwenye mRNA. Virusi vya Ukimwi ndivyo hupitisha RNA yao ambayo haijakatwa introni kwa CRM1, kwa msaada wa protini yao Rev.

Na je, ni kweli kwamba kilicho chini ya kilodaltoni 40 hivi (kipimo cha uzito wa molekuli) hakihitaji mbebaji? Kinaweza kupenya chenyewe, lakini tRNA ina takriban 25 tu, na bado inabebwa.