Elgon: usiniulize mwezi, niulize saa

Kila wiki napigiwa simu na mtu ako Kisumu ama Nakuru, swali ni lile lile, mwezi gani mzuri wa kuja Mlima Elgon, huku mpakani mwa Kenya na Uganda. Kazi yangu ni kutembeza watu huku kwa hivyo jibu liko tu mdomoni: Desemba mpaka Februari kumekauka, njia haziteleze. Lakini kinachoharibia watu safari sanasana sio mwezi, ni saa.

Iko hivi. Usiku baridi inateremka kutoka juu, asubuhi mlima uko kweupe pee. Jua likianza kuchoma, hewa inapasha na kupanda na ule unyevu wa Ziwa Victoria, ikifika juu inapoa inakuwa wingu, na kufikia saa sita hivi kilele kimejifunika kama mgonjwa. Saa nane mvua, saa zingine ya mawe.

Kuna kikundi nilikuwa nacho, walisimama Kitale kula nyama kwanza (nyama ilikuwa tamu, sikatai) wakafika Chorlim, geti la kuingia hifadhi, karibu saa sita. Tukapanda Endebess Bluff, pale ambapo asubuhi unaona msitu na mashamba mpaka macho yachoke, na tulichoona ni ukungu. Mmoja akaupiga picha hivyo hivyo.

Kwa hivyo lala Kitale ama Endebess, geti likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi uwe hapo. Malipo fanya mapema kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, usije na keshi. Na ukitaka kutembea kwa miguu, tembea na renja mwenye bunduki, hiyo sio ya kujadiliana. Nyati wa huku wanakaa kwa vichaka kimya kabisa na hawana salamu.

Kama ni Koitoboss unataka, kilele cha upande wetu wa Kenya chenye mita elfu nne na ushee, beba sweta mbili. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama digrii 6, na Kitale iko karibu mita 1,900, piga hesabu mwenyewe. Kichwa kikianza kuuma sana na unasikia kutapika, shuka. Usimeze panadol uendelee, najua mtafanya lakini nimesema.

Mimi mwenyewe ukiniuliza nitakupeleka mapangoni kwanza. Kitum ni lile ambalo ndovu huingia usiku kutafuta chumvi, wanapapasa njia gizani kwa mkonga halafu wanachokora mwamba na pembe. Mulika tochi ukutani utaona mikwaruzo imepishana kila upande, kama sufuria mtu amekwangua ukoko wa ugali na kijiko. Wasabaot, wenyeji wa huku, nao walikuwa wakiishi kwa haya mapango na ng'ombe wao, na chumvi ni hiyo hiyo walikuwa wanawapa.

Sasa popo. Mwaka 1980 na 1987 kuna watu wawili waliugua Marburg, homa kali ya kirusi inayoua, baada ya kutembelea Kitum, na popo wanaokula matunda, hawa wanaojaa mapangoni, ndio wanaojulikana kubeba hicho kirusi. Sisemi hivi kukutisha. Nasema mimi huwaonyesha watu mdomo wa pango na kuta za karibu, ndani kabisa kwa popo siendi, na hakuna kushika kuta zenye kinyesi halafu ukule ndizi na mkono huo huo.

Halafu Making'eny, watu wanalipita wakikimbilia Kitum na mimi naona hapo ndio wanapotea. Mto unaangukia juu ya mdomo wa pango, kwa hivyo unasimama ndani, maji yanashuka mbele yako kama pazia na msitu unauona kupitia hapo. Februari pazia linabaki nyuzi tu. Ukitaka maji ya nguvu njoo wakati wa mvua, Mei ama Agosti, uvae gambuti, na uanguke mara mbili tatu kwa matope. Bado saa ni ile ile, kumi na mbili getini.