Undugu wa wanyama kwa kipimo cha DNA

Tangu silikanti, samaki mkubwa wa vilindini, aanze kunaswa kwenye nyavu za jarife katika maji ya Tanga, zaidi ya miaka 20 iliyopita, sifa mbili zimekuwa zikimfuata popote anapotajwa, iwe pale kijijini Kigombe au kwenye soko la samaki la Deep Sea. Ya kwanza ni kwamba hajabadilika tangu zama za dinosaria. Ya pili ni kwamba yeye ndiye babu wa wanyama wote wa nchi kavu, binadamu akiwemo. DNA imezipima sifa zote mbili, na zote mbili zinahitaji kusahihishwa.

Kutafuta nasaba kwa DNA maana yake ni kulinganisha maandishi ya urithi ya viumbe mbalimbali ili kujua nani ametengana na nani, na kwa mfuatano gani. Maandishi hayo, ambayo wengi tunayaita vinasaba, yamo karibu katika kila seli ya mwili, na yana herufi nne tu za kemikali: A, T, G na C. Seti moja ya binadamu ina herufi kama bilioni 3. Silikanti naye yuko karibu na hapo. Kila kiumbe anapozaa, maandishi hunakiliwa, na katika kunakili hutokea makosa machache ambayo mtoto huyarithi na kuyapitisha mbele.

Chukua utenzi wa zamani ulionakiliwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, kutoka kwa mwandishi mmoja hadi mwingine. Ukikuta nakala mbili, moja Pangani na nyingine Tanga, zote zimeruka ubeti uleule na zote zimekosea neno lilelile, huna haja ya kuuliza kama zina asili moja: zimetoka kwenye nakala moja iliyokuwa na kosa hilo. Lakini mahali ambapo nakala zote ziko sahihi, huwezi kujua ipi iko karibu na ipi, kwa sababu kila moja imerithi usahihi uleule kutoka utenzi wa kwanza. Hapa ndipo penye kiini cha dhana yenyewe, na ndipo wengi wanapoteleza. Kufanana peke yake si ushahidi wa udugu wa karibu. Kinachohesabika ni mabadiliko mapya ambayo viumbe wawili wanayo pamoja na wengine hawana. Kompyuta hupanga maelfu ya herufi za jeni zilezile, yaani vipande vya maandishi vyenye kazi maalumu, kutoka kwa wanyama tofauti, kisha hutafuta mti wa ukoo unaoeleza mabadiliko hayo vizuri zaidi.

Sasa turudi kwa silikanti. Wataalamu walidhani ametoweka miaka milioni 66 iliyopita, hadi mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho katika mji wa East London, Afrika Kusini, alipomkuta mmoja kati ya samaki wa meli ya uvuvi. Mapezi yake yana shina la nyama lenye mifupa ndani, kama mguu unaotaka kuanza. Ni rahisi kuona kwa nini watu walimwita babu. Ila kulikuwa na mshindani, kamongo, yule samaki mwenye mapafu anayejulikana sana na watu wa Ziwa Viktoria. Kwa miongo kadhaa wanasayansi walibishana ni yupi kati ya hao wawili aliye karibu zaidi na wanyama wenye miguu minne. Mwaka 2013 maandishi yote ya DNA ya silikanti yalichapishwa, na jeni 251 zikalinganishwa na za wanyama wengine. Jibu likaegemea kwa kamongo. Kwa hiyo samaki aliye jamaa yetu wa karibu zaidi anaishi kwenye matope ya ziwa, na silikanti ni tawi lililojitenga mapema kidogo. Wala hakuna kati yao aliye babu: wote wawili ni binamu walio hai leo, na babu wa wote alikwisha kufa zamani sana.

Kuhusu kutobadilika, utafiti huohuo ulionyesha kwamba jeni za silikanti zinazotengeneza protini zimebadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu. Polepole, lakini zimebadilika. Ushahidi ninaoupenda zaidi uko hapahapa kwetu. Mwaka 2011 watafiti walilinganisha DNA ya silikanti wa pwani ya kaskazini mwa Tanzania, yaani hawa wetu wa Tanga, na ya wale wa kusini mwa nchi pamoja na wa Komoro. Wa Tanga walionekana kuwa kundi la pekee, lililotengana na wenzao takriban miaka 200,000 iliyopita. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Hili lina uzito mkubwa kwa uhifadhi. Hifadhi ya bahari ya silikanti ilianzishwa Tanga mwaka 2009, na kundi linalolindwa humo likiisha, wale wa Komoro si badala yake.

Macho yetu hutudanganya hata kwa wanyama wa nchi kavu. Mwulize mtu yeyote ndugu wa tembo ni nani, atataja kifaru au kiboko. DNA inasema ndugu zake wa karibu walio hai ni nguva, anayekula majani ya baharini, na pimbi, mnyama mdogo wa kwenye miamba na miti anayelingana na sungura. Katika ukoo huohuo mpana, wenye asili ya Afrika, wamo pia muhanga na sange, yule mdogo mwenye pua ndefu anayekimbia chini ya miti katika misitu ya Usambara. Kabla ya DNA, sange aliwahi kuwekwa pamoja na virukanjia kwa sababu ya umbo na chakula chake. Kiboko naye ana jamaa asiyetarajiwa: nyangumi, wale wanaopita mbele ya pwani yetu wakati wa kusi.

Kwa wanyama waliotoweka kazi ni ngumu zaidi, kwani DNA huanza kukatika vipande mara mwili unapokufa. Wa kwanza kusomwa alikuwa kwaga, mnyama wa jamii ya farasi wa Afrika Kusini, mwenye milia upande wa mbele tu. Wa mwisho alikufa mwaka 1883 katika bustani ya wanyama ya Amsterdam. Mwaka 1984 wanasayansi walipata herufi 229 kutoka kwenye ngozi iliyohifadhiwa makumbusho. Zilitosha kuonyesha kwamba kwaga ni wa upande wa pundamilia, na utafiti wa baadaye ukamweka ndani ya spishi ileile ya pundamilia wa tambarare. Nguva mkubwa wa Bahari ya Bering, aliyeelezwa na Georg Steller mwaka 1741 na kumalizwa na wawindaji kufikia mwaka 1768, naye amesomwa kutoka mifupani. Jamaa yake wa karibu aliye hai ni nguva wa bahari zetu.

Mpaka mkubwa ni joto na muda. Kwenye ardhi iliyoganda ya Siberia, DNA ya mamothi, jamaa wa tembo waliotoweka, imesomwa baada ya zaidi ya miaka milioni 1. Kwenye udongo wenye joto kama wetu huharibika mapema mno. Kwa hiyo dinosaria wa Tendaguru, Lindi, wenye umri wa miaka kama milioni 150, hawana herufi hata moja iliyobaki ya kusoma. Nasaba yao hutafutwa kwa maumbo ya mifupa tu.

Hata hivyo mifupa ya kale haijapoteza kazi. Idadi ya mabadiliko kwenye DNA hueleza nani alitangulia kutengana, lakini haitaji miaka. Ili ipatikane miaka, lazima angalau tawi moja la mti lifungwe kwenye kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe, ambacho umri wa mwamba wake unajulikana, kisha kasi ya mabadiliko ikadiriwe kutoka hapo. Hiyo miaka 200,000 ya silikanti wa Tanga nayo ni makadirio ya aina hiyo, yanayotegemea kasi ya mabadiliko iliyokadiriwa, na kasi hiyo ikirekebishwa, tarehe nayo itasogea.